Kicheko Kisicho na Haraka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

KWA MWALIMU WA DARASA: Kabla ya saa ya redio, andika maneno haya ubaoni, uyasome pamoja na wanafunzi: sinema, kamera, kimya, binamu, mgeni, subira. Baada ya kusikiliza, waulize maswali yaliyo mwisho wa somo.

Kaeni vizuri. Mwenye kalamu na aiweke chini kwanza, kwa maana leo tutaanza kwa kusikiliza. Kuandika kutakuja mwisho.

Somo letu la leo ni habari ya kucheka. Labda mtu mmoja hapo nyuma anasema, "Kucheka nako ni somo? Mimi nikichekeshwa hucheka, nisipochekeshwa huenda zangu." Amesema kweli. Lakini ngoja kidogo, bwana. Ziko sinema ambazo mtu akiziona mara ya kwanza huuliza, "Mbona hakuna jambo linalotendeka?" Baada ya muda anaanza kutabasamu. Akifika nyumbani, anapovua viatu, kicheko kinamshika peke yake. Mkewe anamwuliza, "Unacheka nini?" Naye hawezi kueleza. Basi leo tutajaribu kumsaidia mtu huyo apate maneno.

VICHEKO VIWILI

Sinema za kuchekesha ambazo wengi wetu tumezizoea ni zile za mbio. Mtu anakanyaga ganda la ndizi, anaanguka. Akiinuka, anagonga ngazi. Ngazi nayo inamwangukia mchukuzi wa mayai. Charlie Chaplin, yule bwana mdogo mwenye fimbo na viatu vikubwa, alikuwa fundi wa mambo kama hayo. Watu wa nchi nyingi walimcheka, kwa sababu mtu akianguka hahitaji mkalimani. Hicho ni kicheko cha mbio, nacho ni kizuri.

Lakini kiko kicheko cha pili. Fikiri watu watatu wamekaa barazani jioni. Wa kwanza anasema, "Leo joto." Kimya. Baada ya muda mrefu wa pili anajibu, "Joto." Kimya tena. Wa tatu anajipepea kwa kofia yake, mwisho anasema, "Hata jana." Hapo hakuna aliyeanguka, wala hakuna aliyekusudia kumchekesha mwenziwe. Walakini wewe unayepita njiani unatabasamu. Kwa nini? Kwa sababu umewatambua. Unawajua watu hao. Labda wewe mwenyewe ni mmoja wao.

Sinema tutakayoizungumza leo ni ya kicheko hicho cha pili. Jina lake ni Stranger Than Paradise. Tukilitafuta kwa Kiswahili tunaweza kusema, "Ajabu Kupita Peponi". Ilitoka mwaka 1984, nayo ni sinema ya Marekani.

MTU ALIYEITENGENEZA

Aliyeitunga na kuisimamia ni Jim Jarmusch, mtu wa jimbo la Ohio, aliyezaliwa mwaka 1953. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 31 tu. Hakuwa ameajiriwa na makampuni makubwa ya Hollywood. Watu wa namna yake huitwa watengenezaji wa kujitegemea. Faida ya kujitegemea ni kwamba hakuna tajiri wa kukuamuru. Hasara yake ni kwamba hakuna tajiri wa kukulipa.

Basi kijana huyu alianzaje? Alianza kwa mabaki. Mtengenezaji mashuhuri wa sinema kutoka Ujerumani, Bwana Wim Wenders, alikuwa amemaliza kazi yake moja, akabakiwa na filamu isiyotumika. Filamu hapa ni ule utepe uliotiwa ndani ya kamera siku zile, nao ulikuwa ghali. Wenders akampa Jarmusch utepe uliobaki. Kwa mabaki hayo Jarmusch akapiga kwanza sinema fupi ya nusu saa. Baadaye akapata fedha, akaongeza sehemu mbili, ikawa sinema kamili ya karibu saa moja na nusu. Ninyi akina mama mnaolijua jambo la kupata nguo ya mtoto katika kipande cha kitambaa kilichobaki, mnaielewa kazi hii vizuri.

Waigizaji wakubwa ni watatu. John Lurie na Richard Edson walikuwa wapiga muziki. Wa tatu ni msichana Eszter Balint, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Hungaria, nchi ya Ulaya, kama yule msichana wa kisa. Picha zake hazina rangi, ni nyeusi na nyeupe.

Sasa sikilizeni namna ilivyopigwa, kwa maana hapo ndipo ilipo siri yake. Katika sinema nyingi kamera hurukaruka. Mara tunaona uso wa huyu, mara uso wa yule, mara mkono umeshika kikombe. Katika sinema hii kila tukio limepigwa mara moja tu, bila kukatwa. Kamera inawatazama watu hawa kama jirani aliyeketi pembeni ya chumba. Tukio likiisha, pazia lote linakuwa jeusi kitambo kidogo. Kisha linakuja tukio jingine. Ni kama kufunua kitabu cha picha za jamaa: picha, ukurasa mweusi, picha, ukurasa mweusi. Kwa jumla picha hizo ni 67.

KISA CHENYEWE

Kisa chake ni chepesi. Kuna kijana aitwaye Willie. Anakaa New York katika chumba kimoja. Alitoka Hungaria miaka kumi iliyopita, naye hataki kukumbushwa kwao. Jina lake la nyumbani ni Bela, lakini amelitupa. Hana kazi. Anacheza karata, na wakati mwingine huiba mchezoni.

Siku moja simu inalia. Ni shangazi yake, Bibi Lotte, anayekaa mji wa Cleveland. Lugha ya Wamarekani haisemi kama bibi huyo ni dada wa baba au ni dada wa mama, basi sisi tumwite shangazi. Shangazi anazungumza Kihungaria. Willie anamtaka aseme Kiingereza. Hapa bila shaka wengine kati yenu mmekwisha kuanza kucheka, au kusikitika. Ni nani asiyemjua kijana aliyekwenda mjini, na akipigiwa simu na mamake hujibu kwa lugha ya watu wengine?

Habari ni hii: binamu yake, Eva, msichana wa miaka 16, anatoka Hungaria kwenda kwa shangazi. Ilikuwa alale kwa Willie usiku mmoja tu. Lakini shangazi anakwenda hospitali, kwa hiyo mgeni atakaa siku kumi. Siku kumi! Sisi twasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Willie hana jembe la kumpa. Ana kitanda, televisheni, na karata.

Basi wanakaa. Willie anatazama televisheni. Eva anatazama. Willie anamweleza mchezo wa mpira wa Kimarekani, na kadiri anavyoeleza ndivyo unavyozidi kuonekana mchezo wa kipumbavu. Jioni anakula chakula kilichopikwa kiwandani, kilichopangwa katika sinia ndogo na kupashwa moto tu. Eva anauliza nyama hii imetoka wapi. Willie anasema imetoka kwa ng'ombe. Eva anaitazama, anasema haifanani na nyama. Willie anakitetea chakula chake kama waziri anavyoitetea serikali yake: nyama ipo, viazi vipo, mboga zipo, hata sahani hana haja ya kuosha! Kamera haisogei. Sisi tunamtazama akitafuna.

Siku nyingine Eva anataka kusafisha chumba kwa mashine ya kufyonza vumbi. Anauliza jambo hilo husemwaje kwa Kiingereza cha Marekani. Willie, bila kucheka hata kidogo, anamfundisha kwamba watu wa hapa husema wanamkaba mamba koo. Ninyi mnaojifunza kusoma, jihadharini na walimu wa namna hiyo!

Kisha Willie anataka kumsimulia kichekesho. Anaanza: watu watatu wanatembea njiani, kamba ya kiatu cha mmoja imefunguka. Anaendelea kidogo, anakwama. Anajaribu tena. Amesahau. Mwisho anasema hakikumbuki, lakini ni kichekesho kizuri. Hapo watazamaji hucheka sana. Kichekesho alichokisahau hakikusemwa. Tulichokicheka ni kule kusahau.

Polepole Willie anamzoea binamu yake. Siku moja Eva anarudi na vyakula na sigara. Willie anamwuliza amepata wapi fedha. Hakuwa na fedha. Ameviiba. Willie, ambaye naye ni mwizi wa karata, anafurahi, anampa mkono wa heshima. Sisi hatufundishi wizi katika somo hili, lakini twaona jambo: hao wawili wametambuana. Ndugu amempata ndugu.

Siku ya kuondoka imefika. Willie amemnunulia Eva nguo. Ni nguo mbaya, ya mtindo ambao msichana yule hawezi kuupenda. Willie anamwambia aivae. Eva anaivaa, anaaga, anatoka. Akifika barabarani usiku anaivua, anaitia katika pipa la taka. Kisha tunaonyeshwa Willie na rafiki yake Eddie wamekaa chumbani, wanakunywa bia. Hawasemi kitu. Wanakunywa. Wanakaa. Chumba kile kilichokuwa kidogo kwa watu wawili, sasa kimekuwa kikubwa mno. Willie hasemi kwamba anamkumbuka binamu yake. Hana haja ya kusema. Sisi tumeachiwa muda wa kuona.

Mwaka mmoja unapita. Willie na Eddie wanashinda fedha katika karata, kwa hila, kisha wanaazima motokaa, wanakwenda Cleveland kumtazama Eva. Ni majira ya baridi kali. Eva anauza mikate yenye soseji. Shangazi Lotte anawapa chakula cha kwao, anawacheza karata, na anawashinda wote. Siku moja vijana hawa wanapelekwa kuona ziwa kubwa la Erie, fahari ya mji ule. Wanafika. Theluji inaanguka. Ziwa ni jeupe, mbingu ni nyeupe, upepo unavuma. Hakuna kinachoonekana kabisa! Wamesimama kwa kofia zao, wanatazama weupe mtupu kwa adabu, kama watu walioonyeshwa kitu.

Mwisho wote watatu wanakwenda Florida, nchi ya jua na bahari, mahali Wamarekani wengi wa baridi wanapopaota kama pepo. Wananunua miwani ya jua. Wanapata chumba katika hoteli ndogo ya barabarani. Wanaume wanakwenda kucheza kamari ya mbio za mbwa, wanapoteza karibu fedha zote. Eva ameachwa peke yake. Anatembea pwani akiwa amevaa kofia, na mtu mmoja anamdhania kuwa mwingine, anampa bahasha imejaa fedha. Eva anawaachia wenziwe sehemu ya fedha na barua, anakwenda uwanja wa ndege. Siku hiyo ndege ya kwenda Ulaya ni moja tu, nayo inakwenda Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kulekule alikotoka.

Willie na Eddie wanamfuata mbio. Willie ananunua tiketi ili aingie ndani ya ndege, amtoe binamu yake. Eddie anangoja nje. Ndege inaruka. Willie yumo ndani! Na Eva? Eva hakupanda. Amerudi hotelini, amekaa katika chumba kitupu. Kijana aliyekataa lugha ya kwao miaka kumi sasa anarudishwa kwao angani, kwa sababu ya kumpenda ndugu yake. Na neno hilo, "kupenda", Willie hamwambii Eva.

KWA NINI TUNACHEKA

Sasa tuulize: uzuri wake uko wapi? Watu wa kazi hiyo waliuona upesi. Katika maonyesho ya sinema ya Cannes, Ufaransa, mwaka 1984, ilipewa tuzo ya Kamera ya Dhahabu, inayotolewa kwa mtengenezaji anayeanza. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya sinema za kuhifadhiwa. Lakini tuzo haimchekeshi mtu. Tutafute sababu wenyewe.

Sababu ya kwanza ni muda. Kamera haituvuti mkono kutuambia, "Tazama hapa, sasa cheka." Inatuacha ndani ya chumba. Macho yetu yanaanza kutafuta yenyewe. Yanaona kofia ambayo Willie haivui. Yanaona namna Eddie anavyomtazama Willie kabla ya kujibu, kama mdogo anavyomtazama kaka yake. Kitu ulichokiona mwenyewe kinakuchekesha kuliko kitu ulichoonyeshwa kwa kidole.

Sababu ya pili ni kimya. Katika sinema nyingi maneno hufuatana kama treni. Hapa mtu akisema neno, linabaki hewani. Tunapata nafasi ya kulisikia jinsi lilivyo pungufu. Willie anapokisifu chakula chake, kimya kinachofuata ndicho kinachomjibu.

Sababu ya tatu ni huruma. Watu hawa watatu si wenye akili nyingi, wala si wema sana. Wanaiba, wanadanganya, wanachoka. Lakini mtengenezaji hawadharau. Hakuwafanya wapumbavu ili sisi tujione wenye busara. Tunawacheka kama tunavyomcheka mjomba wetu, na mtu akimgusa mjomba huyo tutagombana naye.

POLEPOLE MBILI

Wasikilizaji, hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu neno "polepole" lina historia yake katika nchi zetu.

Katika miaka ya 1935 mpaka 1937 kulikuwa na kazi ya kutengeneza sinema za mafundisho huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Picha hizo zilichukuliwa kwa lori, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha idara yake ya sinema kwa makoloni. Mkubwa wake, Bwana William Sellers, alishika kanuni moja: sinema kwa Waafrika lazima iende polepole, picha zisikatwekatwe, kamera isirukeruke. Kwa nini? Kwa sababu alidhani kwamba watazamaji hao hawawezi kufuata zaidi ya hapo.

Kiko kisa kinachosimuliwa mara nyingi juu ya siku zile. Wanakijiji walionyeshwa picha fupi ya mafundisho ya usafi. Ilipokwisha wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku." Wakubwa wakashangaa. Wao walijua hakuna kuku! Wakaitazama filamu tena, kipande baada ya kipande. Kweli, kuku alikuwamo. Alipita upesi katika pembe ya picha, kitambo cha kufumba jicho. Baadhi ya wataalamu walikichukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama.

Basi ninyi amueni. Wenye sinema waliitengeneza wenyewe, wakaitazama wenyewe, na kuku hawakumwona. Wanakijiji walimwona mara moja. Ni nani hakujua kutazama?

Kwa hiyo iko polepole ya dharau, nayo ni ya mtu anayesema, "Nitakwenda taratibu kwa sababu wewe huelewi." Na iko polepole ya heshima, nayo ni ya mtu anayesema, "Nitakwenda taratibu kwa sababu una macho, nami nataka uyatumie." Kamera inaweza kusimama vilevile katika zote mbili. Tofauti ni kile mwenye kamera anachokifikiri juu yako. Yule wa kwanza anakushika mkono ili akufikishe kwenye fundisho lake, nalo ni moja tu. Jarmusch anakuacha chumbani na Willie na Eva, wala hakwambii uone nini. Ukimwona kuku, kuku ni wako.

Jambo hili linatuhusu sisi wa madarasa haya. Mtu mzima anayesoma kwa kidole, silabi kwa silabi, huona haya mbele ya mtoto anayesoma mbio. Ndugu yangu, dada yangu, usione haya. Mtoto anamaliza ukurasa, ukimwuliza umesema nini, anakutazama. Wewe umekaa na sentensi moja, na neno moja limekuchekesha au limekuuma. Kwenda mbio ni ufundi, nasi tutaufikia kwa mazoezi. Lakini kukaa na kitu mpaka kikuonyeshe kilichomo, hilo nalo ni kusoma.

SI KILA MTU ATAIPENDA

Tuseme kweli: wengine wataichoka. Watasema, "Dakika kumi zimepita, na mtu bado anakunywa bia." Hawana kosa. Mtu aliyerudi shambani na mgongo unamwuma labda anataka mbio na kelele ili asahau, na hiyo ni haki yake. Tena ziko sinema za polepole zilizo mbaya, ambazo kimya chake hakina kitu ndani yake. Mtungi wa maji na mtungi mtupu, vyote viwili vimetulia. Ni lazima uchungulie ndani.

Utajuaje, basi? Jaribu mambo matatu. Kwanza, usiitazame huku unafanya kazi nyingine, kwa maana sinema ya kimya haiwezi kugombana na sufuria. Pili, ivumilie mpaka sehemu ya kwanza iishe, yaani kama nusu saa. Tatu, usiulize, "Kitatokea nini?" Uliza, "Watu hawa wanafanya nini sasa hivi?" Baada ya hapo kama hujatabasamu hata mara moja, inuka uende zako kwa amani.

Bora zaidi ni kutazama pamoja na mwenzako. Ataona jambo ambalo hukuliona. Atacheka mahali ulipokuwa kimya, nawe utageuka umwulize, "Nini?" Hapo mazungumzo yameanza, na mazungumzo mema ni nusu ya raha ya sinema yoyote.

Sasa chukueni kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Willie alimtaka shangazi yake aseme Kiingereza. Mnadhani alikuwa anaogopa nini?

2. Eva aliitupa nguo aliyopewa. Je, alikosa adabu? Wewe ungefanya nini na zawadi usiyoipenda?

3. Willie hakusema kwamba anampenda binamu yake. Ni mambo gani mawili aliyoyafanya yaliyoonyesha hivyo?

4. Katika kisa cha kuku, wanakijiji waliona sawasawa au hawakuona sawasawa? Toeni sababu.

5. Ni nani kijijini au mtaani kwenu anayechekesha bila kukusudia? Elezeni bila kumdharau.

KAZI YA KUANDIKA NYUMBANI

Kaa mahali pamoja muda wa dakika kumi: barazani, kituo cha basi, au sokoni. Usizungumze. Kisha andika sentensi tatu za mambo uliyoyaona. Usiandike mambo makubwa. Andika yaliyo madogo: mtu alivyoshika kikapu, mzee alivyotazama saa asiyoivaa, mtoto alivyojaribu kupiga mluzi. Mlete kwa mwalimu, msomeane. Msishangae darasa likicheka. Wakicheka, mjue kwamba mliona vizuri.

Tumefika mwisho wa somo letu. Nawaaga ninyi nyote, mlio darasani na mlio nyumbani. Someni maneno haya tena kwa nafasi, bila kukimbizana na mtu. Kwaherini.